Kinga za ngozi za kushikia tarumbeta, honi na tuba: namna ya kuzishona zisije zikaila shaba yenyewe

Msharasi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Wapiga tarumbeta wanaopita kibandani kwangu huwa na ombi moja: "Fundi, nishonee kitu cha kushikia, jasho linanimalizia chombo." Mimi ni fundi ngozi hapa Moshi, na Jumapili nakaa kwenye kikundi cha tarumbeta cha usharika wetu, kwa hiyo ombi hilo linanihusu pande zote mbili. Nimeona niliandike kwa urefu, maana kinga nyingi ninazoziona mikononi mwa watu zinapendeza machoni huku chini yake shaba inaoza taratibu. Mwenye kujua zaidi aongeze.

Tuanze na shaba. Tarumbeta nyingi zimetengenezwa kwa shaba ya njano, mchanganyiko wa takriban asilimia 70 ya shaba nyekundu na 30 ya zinki. Juu yake kiwandani hupulizwa vanishi nyembamba, au chombo huchovywa fedha. Jasho lina chumvi na asidi kidogo. Pale kiganja kinaposhika kila siku vanishi huchakaa, na chumvi ikishafika kwenye shaba huanza kuing'oa zinki na kuiacha shaba nyekundu peke yake. Ndiyo yale madoa ya rangi ya waridi mnayoyaona kwenye vyombo vya zamani. Doa la namna hiyo halitoki kwa kusugua, kwa sababu hakuna kitu kilichokaa juu yake. Bomba lenyewe limegeuka na kuwa na vinyweleo. Na bomba lina unene wa karibu nusu milimita tu. Kila anayekushauri ukaling'arishe upya kwa mashine anakushauri upunguze hiyo nusu.

Kwenye tarumbeta mahali penyewe ni mitungi mitatu ya vali (vile vya kubonyeza kwa vidole), mkono wa kushoto. Kwenye baritoni na tuba ni bomba ambalo mkono wa kushoto unalikumbatia. Kwenye honi ya Kifaransa ni mkono wa kushoto uleule, karibu na vidole vinavyobonyeza.

Sasa ngozi. Inazuia jasho lisifike kwenye shaba, na inaufanya mkono usiteleze. Hayo yote ni kweli. Lakini ngozi hunywa maji. Jasho la harusi nzima linaingia ndani yake, kisha mwenye chombo anafunga sanduku na kulala. Asubuhi kinga bado ni mbichi, na chumvi yote imekumbatiwa kwenye shaba bila hewa. Ukiishi hivyo miezi kadhaa, siku utakayoivua utakuta ukijani unaonata na vanishi imeinuka vipande vipande. Bora usingekuwa na kinga kabisa, kwa sababu mkono mtupu ukimaliza kupiga unaondoka, na shaba unaiona na kuifuta.

Kwa hiyo mimi nashona kinga ya kuvuliwa. Kila baada ya kupiga inatoka, chombo kinafutwa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kisha kikavu, na kinga inaning'inizwa kivulini. Mambo mengine yote, aina ya ngozi, ukataji, kufunga, nayapanga kwa kufuata hilo.

Aina ya ngozi. Kuna ngozi iliyosindikwa kwa magome ya miti na kuna ya kromu, yaani iliyosindikwa kwa chumvi za madini ya kromu. Ya magome hapa kwetu ni ya mti wa mwati kwa kawaida (mashamba ya miwati ya Njombe yalianzishwa mwaka 1949 kwa ajili ya magome hayohayo), na zamani magome ya mikoko ya pwani yalisafirishwa hadi ng'ambo kwa kazi hiyo. Ni ngozi nzuri sana kwa mikanda na viatu, inakubali kufinyangwa ikiwa mbichi na inashika umbo. Lakini imejaa tanini, ile dawa ya magome inayosindika ngozi, na tanini ikikutana na unyevu na shaba, kijani hakichelewi. Siiweki ikiguse chombo. Inaweza kuwa ganda la nje, ndani lazima kuwe na kitu kingine.

Mimi natumia ngozi ya mbuzi ya kromu. Ni nyembamba, ngumu kuchanika, na haiogopi maji. Utaijuaje? Tazama ukingo uliokatwa kwa wembe: ya kromu mara nyingi ina rangi ya kijivu au ya samawati katikati, ya magome ni kahawia moja kwa moja. Ukiwa na shaka, kata ukanda mwembamba uutie kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja. Wa magome utajikunja na kukauka kama kijiti, wa kromu utabaki kama ulivyo. Wauza ngozi wa kweli hawakasiriki ukiomba kipande cha kujaribu.

Unene: nje milimita 1 hadi 1.2, ndani 0.6 hadi 0.8. Ukizidisha, vidole havifiki vizuri na mkono unachoka kabla ya wimbo wa tatu.

Patani (kiolezo cha kukatia). Usipime tarumbeta kwa rula. Ina mabomba yanayoingia na kutoka kwenye mitungi kila upande. Zungusha nailoni ya kufunikia chakula kwenye vali, juu yake bandika selotepu ya karatasi tabaka mbili tatu, kisha chora kwa kalamu: bomba liko wapi, ndoano ya kidole gumba iko wapi, pete ya kidole cha tatu iko wapi, mshono utapita wapi. Kata taratibu kwa mkasi, ivue, ilaze juu ya karatasi ngumu. Hiyo ndiyo patani yako, na gundi ya selotepu haikugusa vanishi hata kidogo. Vifuniko vya chini vya vali vina tundu la hewa, usivizibe. Kinga iishie kabla ya kuvifikia.

Kukata na kushona. Kingo zote zipunguzwe unene kwa kisu kikali ili pale tabaka mbili zinapokutana kusiwe na tuta chini ya kidole. Matundu yatobolewe kwa msharasi (sindano nene ya kutobolea ngozi), umbali wa milimita 3 hadi 4 kati ya tundu na tundu, na yakae milimita 3 kutoka ukingoni. Uzi wa nailoni uliopitishwa kwenye nta ya nyuki, sindano mbili, kila tundu linapita nyuzi zote mbili kutoka pande tofauti. Mshono wa namna hiyo ukikatika mahali pamoja haufumuki wote. Upande wa ndani nachimba mfereji mwembamba ili uzi uzame, usije ukachora mstari kwenye chombo.

Kufunga. Hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Vifungo vya kubonyeza vya chuma vinapendeza, lakini mgongo wake ukigusa mtungi wa vali unachimba. Ukivitumia, funika migongo yote kwa ngozi ya ndani. Velkro ni rahisi na inavuliwa haraka. Upande wenye kulabu uutazamishe nje, mbali na shaba, kwa sababu kulabu zile ni za plastiki ngumu na zinakwaruza vanishi. Sehemu ya kufungia ikae mahali ambapo kiganja hakikai. Na usikaze kupita kiasi: nafasi kati ya pistoni na mtungi wake ni sehemu ndogo sana ya milimita, hatutaki kitu chochote kiusonge mtungi.

Mafuta ya nazi, alizeti, samli, dawa ya viatu: upande wa ndani, hapana. Ngozi ikikauka, paka kidogo sana upande wa nje.

Nawasilisha. Karibuni kwa maswali.

Pikapu Mbagala

Mkuu Msharasi, uzi wa maana huu. Sisi huku Dar tunapiga matarumbeta ya harusi, tuko juu ya pikapu kuanzia saloni hadi ukumbini, jua la saa nane lote letu. Jasho la huku siyo la Moshi. Wengi tunafunga mpira wa ndani wa baiskeli, ukanda mrefu unauzungusha kwenye vali, haudondoki na haunywi jasho. Sasa kwa maelezo yako, si mpira ni bora kuliko ngozi? Haushiki maji.

Msharasi

Ndugu yangu, haunywi jasho lakini unalifungia chini yake, na huwezi kuuvua na kuufunga tena kila siku, utachoka. Kisha kuna jambo kubwa zaidi. Mpira wa tairi hukomazwa kiwandani kwa salfa, na salfa hiyo inaendelea kutoka kidogo kidogo, hasa kwenye joto. Kama tarumbeta yako imechovywa fedha, salfa ndiyo inayoigeuza kuwa nyeusi. Fedha huwa nyeusi hata kabatini kwa sababu ya salfa ya hewani. Wewe umeifunga moja kwa moja kwenye chanzo. Shaba isiyo na vanishi nayo inaungua rangi.

Selotepu nyeusi ya mafundi umeme nayo iacheni. Juani gundi yake inayeyuka, inahamia kwenye vanishi, na kuiondoa utahitaji kitu kitakachoondoa vanishi pia.

Kwa kazi yenu ya juani nashauri kila mpigaji awe na kinga mbili za ukubwa mmoja. Ya kwanza ikilowa inatoka, inaingia ya pili. Ngozi inayohitajika ni kidogo: seti moja ya tarumbeta haifiki futi moja ya mraba, na ngozi ya mbuzi mmoja huwa na futi nne hadi sita. Mkiwa kikundi, nunueni ngozi nzima.

Pikapu Mbagala

Nimekuelewa mkuu. Kumbe ile nyeusi tunayoisugua na Brasso, dawa ya kung'arishia, kila wiki tunaitengeneza wenyewe.

Msharasi

Na Brasso yenyewe ina unga wa kusugulia. Kwenye fedha inaondoa weusi pamoja na fedha, kwenye vanishi inaondoa vanishi. Inafaa kwa shaba tupu, na hata hapo kwa nadra. Ndimu na chumvi vilevile: ni asidi na chumvi, yaani jasho lenyewe lililoongezwa nguvu.

Dada Honi

Habari zenu. Mimi nacheza honi ya Kifaransa hapa Nairobi, na kinga yangu nilishonewa Kariokor na fundi wa viatu na mikoba. Ni ya kamba, inafungwa kama kiatu kwa matundu pande zote mbili. Inakaa vizuri kweli, haisogei hata nikicheza nimesimama. Shida ni hiyo aliyoisema fundi: kuifungua ni kazi, kwa hiyo nilikuwa nikiiacha. Baada ya kusoma uzi huu nimeifungua leo, na pale chini pembeni mwa mshono kuna mstari wa kijani, mwembamba lakini upo.

Swali langu la pili ni kuhusu mkono wa kulia. Kwa honi mkono wa kulia unaingia ndani ya mdomo mpana, na pale ndani vanishi imeisha kabisa. Kuna kinga ya huko?

Msharasi

Dada, huo mstari wa kijani uufute kwa pamba na maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, ukaushe, usiuchimbe kwa kucha. Kama vanishi bado ipo umewahi.

Kuhusu kamba: honi na tuba zinastahili kamba, mabomba yake yamejipinda na velkro haiyafuati vizuri. Dawa ni kuweka matundu machache. Pande mbili zenye matundu manne manne, kamba moja, fundo moja la kuvuta. Fundi wa viatu atakuwekea matundu mengi kwa sababu kiatu kinabeba uzito wa mtu. Kinga haibebi kitu. Na matundu yake ya chuma yawe na ulimi wa ngozi chini yake, kama ulimi wa kiatu, ili yasiiguse honi.

Mkono wa kulia hakuna kinga. Sauti ya honi inatengenezwa na umbo la kiganja mle ndani, na ukiweka ngozi kwenye mdomo mpana unazima mtetemo. Sehemu yote ya mbele ya chombo chochote iachwe tupu. Wapigaji wengi wa honi hununua kabisa honi isiyo na vanishi kwenye mdomo huo na kuiacha ijipake rangi yake. Nawa mikono kabla ya kupiga na futa ukimaliza, basi.

Maabara

Mkuu Msharasi, nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa. Naomba niongeze kemia kidogo kwa sababu kuna mtu atauliza "kijani kinatoka wapi kama chombo ni kikavu?"

Kinatoka kwenye mafuta ya ngozi. Ngozi zote hulishwa mafuta kiwandani ili ziwe laini. Mafuta yakizeeka huachia asidi zake, na asidi hizo zikikutana na shaba nyekundu iliyomo kwenye shaba ya njano hutengeneza aina ya sabuni ya shaba, ule uteute wa kijani unaonata kama nta. Ndiyo maana hata risasi zenye maganda ya shaba zikikaa muda mrefu kwenye mikanda ya ngozi hushika kijani, na ndiyo maana vitufe vya shaba kwenye mikoba ya zamani vina pete ya kijani. Hakuna jasho pale. Kwa hiyo marufuku yako ya mafuta ya nazi ni sahihi kabisa, ila wasomaji wasidhani ngozi isiyopakwa kitu haina mafuta.

Ngozi ya kromu pia si salama moja kwa moja. Nayo husindikwa kwenye asidi na chumvi, na kama kiwanda hakikuiosha vizuri, mabaki yapo. Aina mbili za kromu kutoka viwanda viwili zinaweza kutofautiana sana. Jaribu kila ngozi mpya kabla ya kuikata.

Makumbusho wana njia yao. Andrew Oddy wa British Museum aliichapisha mwaka 1973: unaweka kipande cha kitu unachokishuku ndani ya chupa ya kioo pamoja na vipande vya fedha, madini ya risasi na shaba nyekundu na maji kidogo, unafunga, unakaa nayo kwenye joto la nyuzi 60 kwa siku 28. Fedha inakuonyesha salfa, risasi inakuonyesha asidi za mvuke, shaba inakuonyesha chumvi na kadhalika. Ndivyo wanavyochagua vitambaa vya kutandika kwenye makabati ya maonyesho.

Nyumbani fanya hivi. Chukua ufunguo wa kufuli wa shaba, ung'arishe mpaka uwake, ufunge ndani ya kipande cha ngozi kilicholoweshwa kidogo, tia kwenye chupa ya jamu, funga, weka mahali penye joto. Weka ufunguo wa pili kwenye chupa nyingine bila ngozi, maji tu, ili uwe na cha kulinganishia. Baada ya wiki nne linganisha. Ufunguo ukitoka kijani, ngozi hiyo tengenezea mkoba.

Msharasi

Maabara, asante sana. Jaribio la ufunguo nalichukua, na kila robota jipya litapita hapo kabla ya kisu.

Nina swali kwako. Wengine wanaweka bitana ya pamba badala ya ngozi nyembamba ndani. Mimi naikataa kwa sababu pamba inashika jasho kuliko ngozi. Unasemaje?

Maabara

Hapo tunatofautiana, mkuu. Pamba inashika jasho, kweli, lakini pamba unaifua. Ngozi ikishakunywa chumvi, chumvi hiyo haitoki tena kwa kuning'inizwa kivulini. Maji yanakauka, chumvi inabaki, na kesho jasho jipya linaiyeyusha. Bitana ya pamba nyeupe isiyo na rangi, inayobanduliwa na kufuliwa kwa maji matupu, inaondoa chumvi kweli. Sufu usiitumie, ina salfa ya asili. Pia kabla ya kufunga kinga, paka kwenye shaba nta ya gari ile ya kuhifadhi rangi, siyo ya kusugulia, safu nyembamba sana, ifutwe mpaka isionekane. Nta haijali chumvi.

Msharasi

Nta naikubali bila ubishi. Bitana ya kubanduliwa inaniongezea unene na inateleza ndani ya kinga, mkono unahisi kitu kinazunguka. Kwa tuba sawa, kwa tarumbeta ambayo vidole vinahitaji utulivu bado nasimama kwenye mbuzi mwembamba, kisha kinga inabadilishwa ikizeeka. Ngozi ni rahisi kupatikana kuliko chombo. Lakini kwa wenye majasho mengi, hoja yako ya kufua ina uzito, na nitashona ya namna hiyo nione.

Mzee wa Kwata

Vijana, nimewasoma. Nilipiga kwenye bendi ya askari miaka mingi. Sisi hatukuwa na haya mambo ya ngozi. Tulikuwa na glavu nyeupe za pamba, na vyombo vilidumu. Kwa nini msivae glavu tu?

Na buruji zetu, tarumbeta ndogo za askari zisizo na vali, zilikuwa na kamba za rangi zilizosukwa, ingawa zile zilikuwa za urembo wa gwaride.

Msharasi

Shikamoo mzee. Glavu ni jambo zuri, na ndugu Maabara atakuunga mkono kwa sababu zinafuliwa. Kwa gwaride hazina mpinzani. Ila kwa kundi la harusi au la kanisani, tuba ni nzito na glavu ya pamba inateleza kwenye vanishi, na mpigaji wa tarumbeta anataka kuisikia vali kwa ncha ya kidole. Zaidi ya hapo, vyombo vingi vya vikundi vyetu ni vya kupokezana. Leo nashika mimi, Jumatano mazoezini anashika kijana mwingine. Kinga inabaki na chombo, glavu inaondoka na mtu.

Ulivyotaja buruji umenikumbusha kwamba kuzungusha ngozi kwenye honi si jambo geni. Wawindaji wa Ujerumani wana honi yao ndogo iitwayo Fürst-Pless-Horn, na bomba lake kwa kawaida limevikwa ngozi ya kijani mzunguko mzima. Ile imefungwa daima haivuliwi, lakini ni honi ya kupigwa milio michache msituni, na inayolindwa zaidi ni mikwaruzo na mkono kuganda kwenye baridi. Mazingira yake siyo ya Mbagala saa nane mchana.

Mzee, mkipanga sare nyeupe, jambo moja la kuangalia: rangi ya ngozi. Sugua ngozi kwa kitambaa cheupe chenye maji. Kitambaa kikipokea rangi, na glavu itapokea, na shati litapokea.

Mzee wa Kwata

Marahaba mwanangu. Hilo la kupokezana vyombo ni kweli, sisi kila mtu alikuwa na chake na alikitolea hesabu.

Fanfari Bukavu

Jambo wandugu. Huku kwetu Kongo fanfari (bendi ya vyombo vya kupuliza) ni jambo kubwa la kanisa, hasa kwa wandugu Wakimbangu, waumini wa kanisa la Simon Kimbangu, wana fanfari kubwa zinazotembea kwa miguu safari ndefu. Mimi napiga susafoni, ile tuba inayozunguka mwili na kukaa begani. Kwangu mkono si shida. Shida ni bega la kushoto na shingo. Pale bomba linapokaa begani jasho linashuka kutoka kichwani kama mvua. Kinga ya hapo inashonwaje?

Msharasi

Jambo ndugu yangu. Swali zuri, hilo sikuligusa.

Begani kinga ina kazi ya ziada ya kubeba uzito, kwa hiyo hapo naongeza tabaka. Ganda la nje, linalokugusa wewe, liwe ngozi ya ng'ombe ya kromu ya milimita 1.5 hivi. Katikati sponji nyembamba ya viatu. Ndani, upande wa shaba, hapo nakubali bitana ya pamba ya Maabara inayobanduliwa, kwa sababu begani unene hausumbui na jasho ni jingi. Usiitumie ile sponji ya magodoro: ikizeeka inageuka unga unaonata, na unga huo utaukuta kwenye vanishi.

Umbo lake ni mrija uliopasuliwa kwa urefu. Bomba la susafoni linapanuka, upande mmoja mwembamba na mwingine mnene, kwa hiyo patani haiwi mstatili. Itatoka kama kipande cha feni, na usipoichukua kwa nailoni na selotepu hutaipata. Mpasuo ukae upande wa juu wa nje, mbali na shingo. Kamba yenye matundu machache, au mikanda miwili ya velkro. Na kwa sababu mnatembea safari ndefu, mkifika futa pale pa bega kwanza kabla ya kitu kingine.

Fanfari Bukavu

Aksanti sana fundi. Ngozi ya ng'ombe ya kromu tunaipata. Nitaanza na nailoni leo.

Pikapu Mbagala

Wakuu, nina tarumbeta ambayo ina madoa mekundu siyo kwenye vali, ni kwenye lile bomba la kwanza linalopokea kipulizio. Hapo sishiki kabisa. Kinga ya hapo itasaidia?

Maabara

Haitasaidia, ndugu. Doa likiwa kwenye bomba la kipulizio, mara nyingi limetoka ndani kuja nje. Mate, mabaki ya soda na chakula vinakaa mle ndani na kuila shaba, halafu siku moja unaona doa dogo lenye kitone katikati kwa nje. Ukilifunika kwa ngozi utakuwa unaficha. Sukutua mdomo kabla ya kupiga, mwaga maji yote ukimaliza, na osha ndani ya bomba kwa maji ya uvuguvugu na brashi ndefu ya kunyumbulika. Bomba hilo ni la kubadilishwa, mafundi wa vyombo wanaliweka jipya. Wahi kabla halijatoboka.

Dada Honi

Swali la mwisho kutoka kwa ndugu yangu anayecheza tromboni, anaogopa kujiandikisha: anaweza kutumia patani ya tarumbeta?

Msharasi

Dada, mwambie hapana, na mwambie asikubali fundi yeyote amkatie bila kuona chombo. Tromboni inashikwa kwa mkono wa kushoto kwenye vile viungo vya kuunganisha bomba na bomba, na sentimita chache kutoka hapo ndipo mabomba ya kuteleza yanapita. Mabomba hayo mawili lazima yabaki sambamba kabisa. Ngozi ikikazwa ikavuta upande mmoja, mtelezo unaanza kukwama na hatajua kwa nini. Kwa hiyo ngozi iwe nyembamba kuliko zote, milimita 0.8 tabaka moja, isiguse kabisa sehemu inayosogea, na ifungwe kwa kulegea kidogo. Kama tromboni yake ina ile vali ya kidole gumba, kamba yake au kiungo chake kisiguswe na ukingo wa ngozi hata akibonyeza mpaka mwisho.

Patani yake inachukuliwa tromboni ikiwa imeunganishwa, mtelezo umefungwa kwa kitasa chake, na yeye mwenyewe ameshika kama anavyopiga, ili nichore vidole vinapokaa. Kama hawezi kufika Moshi, achukue hiyo patani ya nailoni hapo Nairobi kwa namna niliyoeleza, ailaze juu ya karatasi yenye mistari ya sentimita, na ampelekee fundi wako wa Kariokor pamoja na tromboni yenyewe.